Kanisa Limejaa, Sasa Tujenge? Ebu Tuulize Historia Kwanza

Wasee, leo tunaongea kuhusu simiti, mabati na sadaka.

Kanisa la mtaani kwetu limejaa. Siongelei kujaa kwa Krismasi, naongelea kila Jumapili. Ibada ya kwanza watu wanasimama hadi nje. Ibada ya pili watoto wanafundishwa chini ya mti, na mvua ikianza, somo limeisha hapo hapo. Sasa wazee wa kanisa wameitisha mkutano wa washirika wote mwezi ujao tuamue: tujenge kanisa jipya la mawe ama tuendelee na haya mabati yetu? Kamati iko tayari. Mchoro umebandikwa mlangoni. Bahasha za mchango zimeshagawanywa na mathe wangu ana mbili, yake na yangu.

Kwenye grupu ya vijana kumewaka. Upande mmoja unasema kujenga ni imani, na mwenye anauliza maswali ni mtu wa shetani. Upande mwingine unasema hakuna haja ya kanisa kubwa kama vijana wenyewe hawana kazi, hiyo doo ingefungua karakana. Pande zote mbili zinaongea kama hili swali limezaliwa juzi.

Mimi chuo niliacha, kwa hivyo sina cheti cha historia cha kuwatishia nacho. Lakini kusoma hakuna mtu alinikataza. Na nikisoma naona hii Nairobi imebishana kuhusu majengo ya kanisa kwa zaidi ya miaka 100. Kila mara kuna mambo mawili ambayo yaliamua kama jengo litakuwa baraka ama mzigo: nani alilipa, na siku ya shida mlango ulifungukia nani. Twende pole pole.

Miaka 35 kwa jengo moja

Unalijua lile kanisa la mawe karibu na Uhuru Park, All Saints' Cathedral. Jiwe la msingi liliwekwa na Gavana Henry Belfield tarehe 3 Februari 1917, wakati vita vya kwanza vya dunia bado vinaendelea. Mchoro ulikuwa wa Mwingereza anaitwa Temple Moore. Huyo mzee alikufa mwaka wa 1920 bila kuona kazi yake imekamilika, juu kanisa lilimalizika 1952. Hesabu hapo: miaka 35. Mtoto aliyezaliwa siku ya jiwe la msingi alikuwa mtu mzima na familia yake wakati mafundi wanafunga kazi.

Lilijengwa kwa ajili ya nani? Tusijidanganye. Mwaka wa 1917 Nairobi ilikuwa mji wa kugawa watu kwa rangi. Wazungu walikuwa na mitaa yao, Wahindi yao, na Mwafrika alikuwa mtu wa kuja kufanya kazi kisha arudi kwao. Muda mfupi baadaye wanaume Waafrika wakaanza kulazimishwa kutembea na kipande shingoni. Kanisa kubwa la mawe katikati ya mji kama huo lilikuwa linasema hawa wageni wamekuja kukaa. Na kejeli ya historia ni kwamba mwaka huo huo wa 1952, mwezi wa Oktoba, serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari. Kanisa lilimalizwa wakati ule ule utawala wenyewe unaanza kuyumba.

Sasa ruka miaka 40. Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park wakiwa wamegoma kula, wakitaka serikali ya Moi iwaachilie wana wao. Wangari Maathai alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya wale akina mama walivua nguo mbele ya polisi, na kama unajua mila zetu, unajua hiyo ni laana nzito kiasi gani. Walipotimuliwa pale bustanini, waliingia All Saints, wakapewa chumba cha chini ya kanisa. Walikaa humo karibu mwaka mzima, hadi vijana wao wakaanza kuachiliwa.

Fikiria hiyo kidogo. Jengo lililoanzishwa na gavana wa mkoloni likaja kuficha mama wa kijijini anayetafutwa na serikali ya Mwafrika mwenzake. Halafu Julai 1997, siku ya Saba Saba, polisi wakaingia mpaka ndani ya kanisa hilo na gesi na virungu wakifuata watu waliokuwa wanadai mabadiliko ya katiba. Kasisi Timothy Njoya alipigwa siku hiyo.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wa grupu wanaosema jengo ni ubatili mtupu. Hema halina chumba cha chini cha kuficha mtu. Ukumbi wa kukodi una mwenye nyumba, na mwenye nyumba akipigiwa simu na mkubwa fulani, mko nje na viti vyenu. Jengo lako mwenyewe lina ufunguo, na ufunguo uko mikononi mwa watu wako. Lakini pia kumbuka ilichukua muda gani kabla mlango wa All Saints ufungukie watu ambao hawakuwa kwenye hesabu ya kwanza.

Jengo linapanda, watu wanatoka

Hapo Kikuyu, Thogoto, kuna kanisa linaitwa Church of the Torch. Leo ni la PCEA. Misheni ya Waskoti ilikuwa pale tangu mwishoni mwa miaka ya 1890, na Jomo Kenyatta mwenyewe alisomea hapo na kubatizwa hapo mwaka wa 1914. Misheni ilikuwa inakua, shule imejaa, hospitali inaheshimika, na mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaanza kujenga kanisa kubwa la mawe. Lilifunguliwa 1933.

Kati ya hiyo miaka kukatokea 1929. Dkt. John Arthur na wenzake wa misheni waliamua washirika wote waape kwamba wameacha tohara ya wanawake na hawatakuwa na uhusiano na chama cha Kikuyu Central Association. Waliokubali waliweka alama ya kidole gumba, kirore. Waliokataa walitoka. Na walitoka kwa wingi: kwa muda wa wiki chache misheni ya Thogoto ilipoteza sehemu kubwa sana ya washirika wake wa meza ya Bwana, na shule za misheni zikabaki na madawati matupu.

Niseme wazi nisije nikapigwa kwenye komenti: ukeketaji ni kosa, sheria ya 2011 imeupiga marufuku, na mimi siutetei hata kidogo. Kuna wanawake Wakikuyu waliounga mkono misheni kwa sababu walijua maumivu yenyewe. Ninachotaka uone ni kitu kingine. Washirika walikuwa wamefundishwa kwamba hilo kanisa ni lao. Siku uamuzi mzito ulipokuja, wakagundua hawana kura. Uamuzi ulitoka kwa Wazungu wachache ofisini, na karatasi ikaletwa tu iwekwe kidole. Kwa hivyo wakati mawe yanapanda Thogoto, watu waliopaswa kukaa ndani walikuwa wanatafuta pengine pa kuomba.

Walienda wapi? Walijijengea. Shule za kujitegemea za KISA na za Karing'a zilizuka kila mahali Kikuyuni, na kutoka kwa harakati hiyo likazaliwa kanisa la AIPCA. Majengo mengi yalikuwa ya miti, matope na nyasi, lakini yalikuwa yao. Mwaka wa 1939 wakaanzisha chuo cha walimu Githunguri chini ya Peter Mbiyu Koinange, na michango ilikusanywa kupitia riika, kila rika likileta lake na likishindana na lingine kwa heshima. Hakuna tajiri aliyekuja na sanduku la pesa.

Hali ya hatari ilipokuja, serikali ilizifunga hizo shule na makanisa. Githunguri ikageuzwa mahali pa kunyongea watu. Kwa hivyo hata kujilipia mwenyewe si kinga ya kila kitu, na mtu asikuambie hivyo. Lakini angalia kilichotokea baadaye: uhuru ulipofika AIPCA ilirudi, na ipo mpaka leo. Majumba yalichukuliwa, watu wakabaki na kanisa lao. Thogoto ya 1929 ilikuwa kinyume, majumba yalibaki na watu wakaondoka.

Waliojaa wakaamua kugawanyika

Sasa tuje kwa mfano wa juzi, na huu wengi wenu mnaujua bila kujua kwamba mnaujua.

Nairobi Chapel ilianza mwaka wa 1952 kama kanisa dogo la Wazungu karibu na pale ambapo leo kuna chuo kikuu cha Nairobi. Wazungu wakapungua, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki watu wachache sana, wa kuhesabu kwa vidole vya mikono na miguu. Ndipo wakaletwa viongozi vijana, akiwemo Oscar Muriu. Kanisa likafungua mlango kwa wanafunzi waliokuwa wanapita hapo kila siku wakienda darasani. Likajaa. Ibada zikaongezwa, na bado likajaa. Kufikia miaka ya 2000 walikuwa maelfu kwenye ploti ya watu mia chache.

Hapo ndipo kila kanisa la Nairobi lingeunda kamati ya ujenzi. Wao mwaka wa 2005 wakajigawa kuwa makanisa matano. Waliobaki pale pale wakawa Mamlaka Hill Chapel. Nairobi Chapel yenyewe ikahamia Ngong Road, wakaabudu kwenye mahema. Wengine wakaenda na Muriithi Wanjau kuanzisha Mavuno kule South C, na kukawa na Lifespring pia. Kila kundi likapewa sehemu ya viongozi na sehemu ya watu.

Kuna faida hapo ambayo watu hawaioni. Ukigawa kanisa mara tano unahitaji wahubiri watano, timu tano za nyimbo, waalimu wa watoto mara tano. Vijana ambao wangekaa viti vya nyuma miaka kumi wakisubiri mzee fulani astaafu wanapewa kazi saa hii. Jengo kubwa kawaida linafanya kinyume: jukwaa ni moja, maikrofoni ni moja, na nyinyi wengine ni watazamaji.

Lakini tusifanye hiyo kuwa hadithi tamu sana. Kugawanyika hakuui swali la jengo, kunalisogeza mbele tu. Mavuno ilikua ikahitaji mahali, ikahamia upande wa Athi River, na huko nauli ni shida nyingine. Mahema yanachakaa na mvua ya Aprili haina heshima. Nachosema ni kwamba kulikuwa na chaguo la tatu na wao walilitazama kabla ya kuchukua bahasha. Sisi mtaani hatujalitazama hata dakika tano. Mkutano umeitwa na majibu mawili tu.

Sanduku la mheshimiwa

Haya, sasa pesa.

Fanya hesabu na mimi. Tuseme kanisa lina washirika 250 wanaotoa kweli, na kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa mwezi za ujenzi. Hiyo ni 125,000 kwa mwezi, milioni moja na nusu kwa mwaka. Kama jengo ni la milioni 20, mtajenga miaka 13 na zaidi kidogo, na hiyo ni kama bei ya chuma na simiti italala usingizi miaka yote hiyo, jambo ambalo halitatokea. Hapo ndipo mtu kwenye kamati anakohoa na kusema, "Kwani hatuna mheshimiwa tunayemjua?"

Sote tumeona hiyo picha. Mheshimiwa anakuja Jumapili na magari saba, anapewa kiti cha mbele, anapewa maikrofoni, anatusi mpinzani wake madhabahuni, halafu anatoa mamilioni na watu wanapiga vigelegele. Harambee ilianza kama neno zuri la kujenga nchi baada ya uhuru, shule na zahanati zikasimama kwa jasho la wananchi. Baadaye ikawa soko la kura.

Kizazi chetu kilisema hapana. Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, wito wa #OccupyChurch ulisambaa: makanisa yaache kuuza mimbari. Na jambo likatokea. Novemba 2024 Rais Ruto alitoa pesa kwenye kanisa katoliki la Soweto hapa Nairobi, laki sita za kwaya na watoto na milioni mbili za kujenga nyumba ya mapadri, na akaahidi nyingine. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza pesa zirudishwe. Kanisa linalohitaji nyumba, pesa ziko mezani, na askofu anasema rudisha. Sikuwahi kufikiria nitaona hiyo Kenya.

Miezi michache baadaye, Machi 2025, tukaona upande wa pili. Rais alikuwa Jesus Winner Ministry, Roysambu, akatoa milioni 20 za ujenzi na kuahidi kurudi kuongoza mchango wa milioni 100. Jumapili iliyofuata vijana waliandamana hapo nje, polisi wakarusha gesi. Na Julai mwaka huo Rais akathibitisha anajenga kanisa ndani ya Ikulu, la watu 8,000 kulingana na michoro iliyochapishwa, akisema ni pesa zake. Katiba yetu kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya serikali. Hata pesa zikiwa zako, Ikulu ni nyumba ya umma.

Usidhani ni sisi peke yetu. Ghana kuna somo la bure kabisa. Rais Akufo-Addo aliahidi kwamba akishinda uchaguzi wa 2016 atamjengea Mungu kanisa kuu la taifa. Alishinda. Mwaka wa 2017 mradi ukatangazwa, mchoro ukafanywa na David Adjaye, mmoja wa wasanifu wakubwa duniani, na jiwe la msingi likawekwa Machi 2020. Karibu dola milioni 58 za umma zikaenda. Uchumi ukaanguka, kazi ikasimama, na kilichobaki katikati ya Accra ni shimo. Waghana wanalifanyia mzaha lakini ni mzaha wa uchungu, kwa sababu walioahidiwa kanisa walibaki na deni. Nadhiri ilikuwa ya mtu mmoja, na pesa zilikuwa za watu wote.

Nitakayosema kwenye mkutano

Mimi sitapiga kura ya kukataa jengo. Watoto wa chini ya mti wanahitaji paa, na mtaa wetu hauna hata ukumbi mmoja ambao kijana anaweza kukaa jioni bila kununua kitu. Lakini kabla sijainua mkono nataka majibu ya haya.

Kwanza, hati ya ploti iko kwa jina la nani? La kanisa lililosajiliwa, ama la pasta na bibi yake? Hili ni swali la Thogoto: nani ana kura siku ya uamuzi mzito?

Pili, tumefikiria kugawanyika? Nusu yetu tunatoka upande wa pili wa barabara. Pengine tunahitaji kanisa la pili dogo huko, na vijana wa kuliongoza wapo, wamechoka kupanga viti tu.

Tatu, hesabu zisomwe kila mwezi mbele ya watu wote, risiti zikiwa hapo. Mathe wangu anauza mboga. Bahasha yake ikiwa na mia mbili, hiyo mia mbili ina haki ya kujua imenunua mfuko gani wa simiti.

Nne, hakuna mwanasiasa. Akitaka kuabudu, karibu, akae kwenye kiti kama sisi na atoe sadaka kimya kimya kwenye kikapu. Mimbari hatapewa na mradi hatabeba. Kama hiyo inamaanisha tujenge chumba kimoja mwaka huu na kingine mwaka kesho, sawa. All Saints ilichukua miaka 35 na haikufa.

Tano, na hili ndilo nitalipigania zaidi: Jumatatu hadi Jumamosi huo mlango utafunguliwa kwa nani? Kama jibu ni kufuli na askari, basi tunajenga stoo ya viti ya mamilioni. Nataka iandikwe kwenye mpango kwamba kutakuwa na chumba cha kusomea, na maji, na kwamba siku mtu wa mtaa anafukuzwa, hataulizwa kwanza kama yeye ni mshirika.

Vijana, kwa kawaida hii mikutano tunaikwepa. Tunaachia wazee waamue halafu tunakuja kulia kwenye simu miaka mitano baadaye. Mkutano wetu ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao baada ya ibada ya pili. Kama kanisa lako pia liko na mchoro umebandikwa mlangoni, uliza mkutano wenu ni lini, uende, na uende na kalamu. Halafu urudi hapa uniambie walikujibu nini kuhusu hati ya ploti.